Vidirisha vya data visivyokoma kwenye simu: mjue anayevileta kabla ya kumnyamazisha

Mtu anaandika ujumbe wa WhatsApp, limebaki neno moja amalize, mara kioo kinafifia na katikati yake kinaibuka kidirisha cha kijivu kinachomweleza kwamba ametumia MB 0.42, amebakiwa na MB 311.7, na kifurushi chake kitaisha saa 5:59 usiku. Chini yake kuna kitufe kimoja tu, “Sawa”. Anakigusa, anarudi kwenye ujumbe wake, na baada ya dakika mbili kinakuja kingine kumwambia kwamba sasa amebakiwa na MB 311.2. Ikifika jioni ameshagusa Sawa mara arobaini bila kusoma chochote, na siku ujumbe wa maana utakapokuja kwa umbo lilelile, ataugusa vivyo hivyo.

Katika meza yangu ya ufundi simu, lalamiko hili huja karibu kila wiki, na huja na ombi moja: “Fundi, nizimie hii kitu.” Shida ni kwamba “hii kitu” si moja. Vidirisha vinavyozungumzia data vinaweza kuletwa na kampuni ya simu kutoka kwenye mitambo yake, na programu ndogo iliyomo ndani ya laini yenyewe, na mfumo wa simu, na programu uliyoiweka kwenye simu, au na tovuti uliyoipa ruhusa siku moja bila kujua. Dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Mtu anaweza kufuta programu kumi na kidirisha kikabaki palepale, kwa sababu hakikutoka kwenye programu yoyote. Na mwingine anaweza kupiga simu huduma kwa wateja wiki nzima kulalamikia tangazo ambalo kampuni ya simu hailijui.

Majaribio mawili ya kuanza nayo

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Washa hali ya ndegeni, kisha uwashe Wi-Fi peke yake na uitumie simu kama kawaida kwa saa moja hivi. Ukifanya hivyo, laini inakuwa imekatwa kabisa na mtandao wa simu huku intaneti ikiendelea kupatikana. Kama vidirisha vitakoma, chanzo ni kampuni ya simu, laini, au mfumo wa simu unaohesabu data ya simu. Kama vitaendelea kuibuka hata katika hali hiyo, basi kampuni ya simu haihusiki hata kidogo, na unapaswa kuruka moja kwa moja hadi sehemu inayohusu programu na tovuti hapa chini.

Jaribio la pili ni kuihamishia laini kwenye simu nyingine, ikiwezekana simu ya kitochi isiyo na programu za kuwekwa. Kidirisha kikiifuata laini huko, kinatoka kwenye mtandao au kwenye laini. Kikibaki kwenye simu ya zamani baada ya kuwekwa laini nyingine, tatizo liko ndani ya simu. Nawashauri watu wafanye majaribio haya kabla ya kugusa mpangilio wowote, kwa kuwa ukishabadilisha mambo matano kwa pamoja hutajua ni lipi lililosaidia.

Umbo la kidirisha nalo hutoa ushahidi. Kidirisha chenye maandishi matupu, kisicho na nembo wala rangi, kinachoziba katikati ya kioo, mara nyingi ni cha mtandao. Arifa inayoshuka kutoka juu ikiwa na alama ndogo ya programu ni ya programu au ya mfumo, na ukiibonyeza kwa muda bila kuiachia, simu itakuonyesha jina la aliyeituma. Simu zenye Android 11 ya mwaka 2020 na kuendelea zina pia historia ya arifa, ndani ya Mipangilio kwenye sehemu ya arifa. Ukiiwasha leo, kesho utaweza kusoma hata zile ulizozifuta kwa haraka na kuona zilitoka wapi.

Kidirisha kinachokuja kila unapomaliza kutumia intaneti

Hiki ndicho kilichoelezwa mwanzoni, na ndicho kinachosumbua wengi zaidi. Kinatumwa kwa njia ileile inayokuwezesha kupiga namba zinazoanza na nyota na kumalizia na alama ya reli ili kuangalia salio, ila safari hii ni mtandao unaoanza mazungumzo badala yako. Kila simu inapokata muunganisho wa data, mtambo wa kampuni hufunga hesabu ya kipindi hicho na kukuletea risiti yake. Kwa kuwa ujumbe huu hupokelewa na sehemu ya simu inayoshughulikia mtandao, wala si na programu ya kawaida, hakuna swichi ndani ya Mipangilio ya Android inayoweza kuuzuia. Hili huwashangaza watu wanaodhani kila kitu kwenye simu janja kina swichi yake.

Zipo njia mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza ni kumwomba anayetuma aache kutuma. Kwenye mitandao mikubwa ya Tanzania huduma kwa wateja hupatikana kwa namba 100, na kinachosaidia ni namna ya kuomba. Ukisema “napata meseji nyingi”, mhudumu ataondoa matangazo ya biashara na kidirisha kitabaki. Sema kwamba unataka kuondolewa taarifa ya matumizi ya data inayokuja kwenye kioo baada ya kila matumizi, taja saa kamili ambayo kidirisha cha mwisho kilitokea, na msomee maneno yake kama yalivyo. Piga picha ya kioo kabla ya kugusa Sawa. Kwenye simu nyingi ni kubonyeza kitufe cha kuzima na cha kupunguza sauti kwa pamoja. Mhudumu akiwa na maneno yenyewe na saa yake, ataweza kuitambua huduma inayokutumia badala ya kubahatisha.

Njia ya pili ni kupunguza idadi ya risiti kwa kupunguza idadi ya vipindi. Hapa ndipo penye kichekesho. Wanaoteswa zaidi na vidirisha hivi ni wale wanaojitahidi kubana matumizi, wanaowasha data, wanasoma ujumbe mmoja, wanazima, kisha wanawasha tena baada ya dakika kumi. Kila kuzima ni kufunga hesabu, na kila hesabu ina risiti yake. Mtu wa aina hiyo akiwasha Kiokoa Data, ambacho huzuia programu zisitumie data zikiwa nyuma ya pazia, na kuiacha data ikiwa wazi kwa kipindi kirefu zaidi, atapata vidirisha vichache huku kifurushi chake kikidumu kwa kiasi kilekile au zaidi. Sehemu zenye mawimbi hafifu, ambako simu inahangaika kati ya 4G na 3G, nazo huzalisha vidirisha hivi kwa wingi, kwa sababu muunganisho hukatika na kuungwa tena bila wewe kufanya lolote.

Ninachokikataza kabisa ni njia ya tatu, ambayo watu hupendekezeana kwenye makundi ya WhatsApp: kuweka programu inayoahidi kukugusia Sawa kila kidirisha kinapotokea. Ili iweze kufanya hivyo, programu hiyo huomba ruhusa ya huduma za ufikivu, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya watumiaji wenye ulemavu wa kuona au wa viungo. Anayepewa ruhusa hiyo anaweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Sasa fikiria kwamba kwa mitandao mingi ya Tanzania, ombi la kuidhinisha malipo linalokutaka uweke namba ya siri huja kwa njia hiyohiyo ya kidirisha cha kijivu. Umemkaribisha mgeni akae katikati yako na pesa zako ili tu akupunguzie kugusa kitufe.

Kabla ya kuacha sehemu hii niseme jambo moja kwa wasomaji wa Tanzania. Si kila taarifa ya matumizi ni usumbufu. Kanuni ndogo za vifurushi ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizitoa mwaka 2021 zinawataka watoa huduma wamjulishe mteja kifurushi chake kinapofikia asilimia 75 ya matumizi na kinapofikia asilimia 100. Taarifa hizo mbili zina kazi, kwani kifurushi kikiisha usipojua, unaweza kujikuta unatozwa kutoka kwenye salio la kawaida kwa bei ambayo hailingani kabisa na ya kifurushi. Unapozungumza na mhudumu, omba kuondolewa risiti za kila kipindi na useme wazi kwamba hizi mbili unazitaka.

Kidirisha chenye vitufe viwili, cha kuhifadhi na cha kughairi

Huyu ni binamu wa wa kwanza lakini njia yake ni tofauti. Ni meseji ya kawaida iliyotumwa kwa daraja maalumu linaloiamuru simu iionyeshe mara moja kwenye kioo bila kuiweka kwenye sanduku la meseji. Ukigusa kuhifadhi inabaki, ukighairi inapotea. Kampuni huitumia kwa taarifa za salio na, mara nyingi zaidi kuliko inavyostahili, kwa matangazo ya vifurushi vipya. Hapa ombi la kuondolewa kwenye matangazo ya biashara ndilo sahihi, na kwa kawaida hutimizwa haraka. Kuzuia namba ya mtumaji kwenye programu ya meseji husaidia kwa baadhi ya simu na kwa nyingine hakusaidii, kwa hiyo usiitegemee.

Kidirisha kinachotoka kwenye laini yenyewe

Watu wengi hawajui kwamba laini ya simu ni kompyuta ndogo yenye programu yake. Tangu miaka ya 1990 viwango vya GSM vimeiruhusu laini kuiamuru simu ionyeshe maandishi, ifungue menyu au itume meseji. Kwenye orodha ya programu za simu yako utaiona kwa jina la kampuni ya simu au kwa herufi STK (SIM Toolkit), ikiwa na alama ya kadi ya laini. Baadhi ya kampuni huitumia kutangaza habari, muziki, michezo na vifurushi, na kidirisha chake huweza kuibuka mara tu simu inapowashwa au unapofungua kioo baada ya kukifunga.

Tiba huanzia ndani ya programu hiyo. Ifungue, pitia menyu zake zote hata zile zinazoonekana hazihusiki, na utafute kipengele cha kuwasha na kuzima matangazo. Mara nyingi kipo, ila kimefichwa ngazi ya pili au ya tatu. Usipokipata, nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya programu, uitafute na uizimie arifa zake.

Usiizime programu yenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu ya mteja mmoja, mama anayeuza nguo na kufuata mzigo Nairobi, ambaye ana laini mbili kwenye simu moja, ya Tanzania na ya Kenya. Alichoshwa na matangazo yaliyokuwa yakiibuka kila akifungua simu, na kijana mmoja akamsaidia kwa kuizima kabisa programu ya laini. Matangazo yalikoma siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye alikuwa dukani Nairobi, mzigo umeshafungwa, mwenye duka ametuma ombi la malipo kutoka kwenye kompyuta yake, na kwenye simu ya mama huyu hakuna kilichotokea. Wakarudia mara tatu. Nchini Kenya M-Pesa imejengwa juu ya programu ya laini tangu ilipoanza Machi 2007, na lile ombi la kuweka namba ya siri wakati wa kulipa huletwa na programu hiyohiyo. Aliponipigia simu nilimwelekeza airudishe kwenye orodha ya programu zilizozimwa, na ombi la nne likaingia papo hapo. Alipata mzigo wake, lakini alikuwa amekwisha kumshuku mwenye duka kuwa mwizi.

Onyo la simu yenyewe: umefikia kiwango cha data

Hapa mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa anayezungumza ni simu na simu ni yako. Simu nyingi za Android hutoka kiwandani zikiwa na onyo lililowekwa kwenye GB 2 kwa mwezi. Aliyepanga kiwango hicho hakuwa akimfikiria mtu anayejiunga GB 1 kwa siku. Kwa huyo, onyo litatokea siku ya pili ya mwezi na halitakuwa na maana yoyote. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, kisha kwenye laini unayoitumia kwa data, utafute sehemu ya onyo na kikomo cha data. Kwenye Samsung iko ndani ya miunganisho, chini ya matumizi ya data. Hapo unaweza kuzima onyo, au kuliweka kwenye kiwango kinachokuhusu.

Tofautisha onyo na kikomo. Onyo hukuarifu tu na kukuacha uendelee. Kikomo hukata data kabisa na kukuletea kidirisha kinachosema kwamba data ya simu imesimamishwa, na ukikigusa kwa haraka kuiruhusu iendelee, umekwisha kukiondoa kikomo ulichokiweka mwenyewe hadi mwezi huo wa hesabu uishe. Nimeletewa simu kadhaa zinazodaiwa kwamba “haziingii intaneti ingawa bando lipo”, na kilichopatikana ni kikomo kilichowekwa miezi sita iliyopita na mwenye simu au na mtoto wake aliyekuwa akichezea menyu.

Kuna kasoro moja ambayo haina tiba safi. Mzunguko wa hesabu kwenye Android nyingi ni wa mwezi, unaoanza tarehe unayoichagua, ilhali vifurushi vyetu vingi ni vya saa 24 au siku saba. Anayetumia kifurushi cha mwezi cha GB 10 anaweza kuweka siku ya kuanza iwe ile aliyojiunga, onyo kwenye GB 8 na kikomo kwenye GB 9.5, na simu itamlinda vizuri. Ninaacha nafasi hiyo ya nusu GB kwa makusudi, kwa sababu hesabu ya simu na ya kampuni hazilingani. Android mpya huihesabu GB moja kuwa MB 1,000, ilhali kampuni inaweza kuihesabu kuwa MB 1,024, na kila upande una namna yake ya kukadiria sehemu ndogondogo. Anayejiunga kwa siku azime onyo na kikomo vyote viwili, awashe Kiokoa Data, na ategemee taarifa za kampuni.

Baadhi ya watengenezaji huongeza mlinzi wao juu ya huyu wa Android. Simu za Tecno na Infinix huja na Phone Master, na zile za Xiaomi zina programu ya usalama. Zote mbili hufuatilia data na zinaweza kutoa maonyo yake zenyewe. Ndiyo maana mtu huzima onyo kwenye Mipangilio na bado likaja. Libonyeze onyo hilo kwa muda, utaona jina la aliyelileta, na ulizimie hapohapo.

Simu inayouliza kama itumie data ya simu

Swali hili huibuka katika hali mbili. Ya kwanza ni Wi-Fi iliyounganishwa lakini haina intaneti, kama inavyotokea ruta inapoishiwa kifurushi: simu huona imeshikana na ruta, haipati intaneti, na hukuuliza kama ihamie kwenye data. Tiba ni kuisahaulisha simu Wi-Fi hiyo au kuirekebisha ruta, si kupambana na swali. Ya pili ni simu ya laini mbili ambayo haijaelekezwa laini gani ni ya data, au iliyowashiwa kipengele cha kuhama kutoka laini moja kwenda nyingine mawimbi yanapopungua. Chagua laini ya data na uzime kuhama huko, hasa kama laini ya pili haina kifurushi.

Kwa wenye iPhone, kidirisha cha kawaida ni kinachosema kwamba data ya simu imezimwa, kikikupa njia mbili, kwenda kwenye mipangilio au kukubali. Hutokea unapofungua programu inayohitaji intaneti wakati data imezimwa kwa simu nzima au kwa programu hiyo peke yake. Pitia orodha ya programu iliyo chini ya ukurasa wa data ya simu na uhakikishe kwamba hukuizimia ile unayoitumia kila siku. Takwimu za matumizi zilizo kwenye ukurasa huo kwa kawaida hazijifuti zenyewe kila mwezi; ukikuta GB 74 usishtuke, huenda ni za tangu uliponunua simu, na kuna kitufe cha kuzianza upya mwishoni mwa ukurasa.

Vidirisha vya uongo

Kama jaribio la hali ya ndegeni lilionyesha kwamba vidirisha vinaendelea hata laini ikiwa imekatwa, au kama maneno yake ni ya kukutia hofu au tamaa, kwa mfano kwamba data yako inanyonywa na virusi, au kwamba umezawadiwa GB 50 za bure ukigusa ndani ya sekunde 30, basi unashughulika na mtu mwingine kabisa. Kampuni ya simu haihesabu sekunde.

Anza na tovuti, kwa kuwa ndizo chanzo cha wengi. Katika siku za nyuma ulifungua ukurasa, labda wa kupakua muziki au kutazama mpira, na ukaambiwa uguse “Ruhusu” ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ulichokiruhusu ni tovuti hiyo kukutumia arifa wakati wowote hata ukiwa umeifunga. Arifa zake hushuka zikiwa na alama ya Chrome na, kwa maandishi madogo, anwani ya tovuti. Fungua Chrome, gusa vitone vitatu, ingia Mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, na uondoe ruhusa ya kila anwani usiyoitambua. Palepale kwenye mipangilio ya tovuti utaona sehemu ya madirisha ibukizi, hakikisha yamezuiwa.

Kidirisha kinachojaza kioo kizima ukiwa hata hujafungua intaneti, labda ukiwa unaangalia picha zako, huletwa na programu. Kikitokea, usikifunge. Bonyeza kitufe cha kuonyesha programu zilizofunguliwa hivi karibuni na utazame alama iliyo juu ya kadi yake; mara nyingi utakuta ni tochi, kisafishaji cha simu, au kionyesha hali ya hewa ulichokiweka muda mfupi kabla tatizo halijaanza. Alama isipoonekana, ingia kwenye Mipangilio utafute orodha ya programu zilizoruhusiwa kuonyesha juu ya programu zingine. Orodha hiyo kwa kawaida huwa fupi, na tochi haina sababu yoyote ya kuwemo.

Programu ikikataa kufutwa, iwashe simu katika hali salama, ambayo kwenye simu nyingi hupatikana kwa kushikilia kitufe cha kuzima, kisha kubonyeza kwa muda neno la kuzima lililo kwenye kioo. Katika hali hiyo programu ulizoziweka mwenyewe hulazwa zote. Ifute ukiwa humo, na kama bado inagoma, angalia kwenye mipangilio ya usalama kama ilijipatia cheo cha msimamizi wa kifaa, uivue kwanza. Baada ya hapo fungua Duka la Google Play, gusa picha yako, na uruhusu Play Protect ikague simu.

Kama kidirisha au meseji ilikutaka namba ya siri, au ilikupeleka kwenye ukurasa unaoiomba, na wewe uko Tanzania, badilisha namba hiyo leo na uiripoti namba iliyotuma kwa kupeleka neno UTAPELI kwenda 15040.

Vikibaki baada ya yote haya

Kwa vidirisha vinavyoifuata laini na ambavyo kampuni inadai imeshaviondoa, omba laini ibadilishwe kwa mpya yenye namba ileile. Utahitaji kwenda dukani kwa wakala na kuthibitishwa kwa alama za vidole. Laini za miaka mingi zina programu za zamani ambazo kampuni yenyewe haizifuatilii tena, na nimeona laini mpya ikimaliza tatizo lililodumu mwaka mzima. Kwa vidirisha vya mfumo vinavyorudi kila unapovizima, weka upya mipangilio ya mtandao peke yake, ukijua kwamba nywila zote za Wi-Fi na vifaa vya Bluetooth vilivyounganishwa vitafutika.

Kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani ni dawa ya programu mbaya iliyoshindikana kufutwa, wala si ya kitu kingine, ingawa mafundi wengi huikimbilia kwa kuwa ni rahisi kuitoza. Tatizo likiwa la mtandao, utapoteza picha na mazungumzo, utaiweka laini, utawasha data, na mara utakapoizima kwa mara ya kwanza kidirisha cha kijivu kitaibuka kukujulisha kwamba umetumia MB 0.42.